Gachororo, mtaa wa sufuria moja

Msomaji mpenzi, ikiwa hujawahi kufika Juja, usidhani ni mbali. Panda matatu ya Juja au ya Thika jijini Nairobi, uketi karibu na dirisha, na barabara isipokuwa na msongamano utakuwa umefika kabla hujamaliza kurasa za michezo. Ni mwendo wa kilomita 36 hivi kwa barabara kuu ya Thika, ile pana iliyofunguliwa rasmi na Rais Mwai Kibaki mnamo Novemba 2012. Utapita Pangani, Muthaiga, Roysambu, Githurai, Kahawa na Ruiru, na utakapoona vijana wenye mikoba mgongoni wakimiminika kama siafu, jua umewasili.

Siku niliyokwenda mimi ilikuwa Jumamosi, wala sikwenda kutembea. Nilitumwa. Dada yangu mkubwa, aishiye Wundanyi katika milima ya Taita, alinipigia simu usiku wa Alhamisi. Binti yake anasomea Juja, mwaka wa pili, na katika muda wa mwezi mmoja alikuwa ameomba pesa za chakula mara tatu. Mara ya kwanza dada alituma bila neno. Mara ya pili alituma huku akinung'unika. Mara ya tatu ilibidi auze mbuzi.

"Nenda ukamwone kwa macho yako," akaniambia. "Kama anakula pesa hizo, nataka zionekane mwilini mwake. Na kama anazipeleka kwingine, pia nataka kujua."

Utakubaliana nami kwamba huo si ujumbe mwepesi kubeba. Kesho yake nilikwenda stendi ya mabasi ya pwani kuchukua mzigo aliokuwa ametuma: mbaazi kavu, viazi vitamu na chupa ya asali. Jumamosi asubuhi nikautia ndani ya kiondo na kushika njia.

Githurai nilishuka. Nakusihi nawe usiwahi kuipita Githurai bila kushuka, hasa ikiwa unakwenda kumtembelea mwanafunzi. Soko la pale limeenea hadi karibu na reli, na bidhaa zimetandazwa chini juu ya magunia: nyanya zilizopangwa mafungu, vitunguu, kabeji zenye ukubwa wa kichwa cha mtoto, ndizi mbichi, viazi vyenye udongo mwekundu bado. Ukifika asubuhi utapata vitu vizuri. Ukifika jua likielekea kuzama utapata bei nzuri, kwa sababu mwenye nyanya laini hataki kulala nazo. Mwanafunzi asiye na haraka na aende jioni. Nyanya iliyolainika haifai kachumbari, lakini kwa mchuzi ni tamu kuliko ile ngumu, maana imekwisha kuiva yenyewe na haitakumalizia gesi.

Nilinunua kilo mbili za ndengu, fungu la vitunguu, nyanya na kabeji moja. Mama aliyeniuzia aliniuliza nina mfuko. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku mnamo Agosti 2017, asiyekuja sokoni na kikapu chake hulazimika kununua mfuko wa kitambaa, na hizo nazo ni pesa. Nikamwonyesha kiondo. Akaniongezea vitunguu viwili juu, bila kuombwa.

Juja yenyewe ni mji uliokuzwa na chuo. Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta kilianza kupokea wanafunzi Mei 1981 kikiwa chuo cha kiwango cha kati, kwa msaada wa serikali ya Japani, na mwaka 1994 kikawa chuo kikuu kamili. Tangu hapo wanafunzi wameongezeka kuliko vitanda, jambo ambalo limetokea katika vyuo vyetu vyote vya umma. Asiyepata nafasi bwenini hupanga nje. Na nje, kwa wengi wao, ni Gachororo.

Gachororo ni mtaa wa maghorofa yaliyobanana. Chini kuna duka la kupiga chapa, kinyozi, muuza chipsi na mama mboga. Juu kuna vyumba, na kila chumba kina kamba ya nguo dirishani. Udongo wa huku ni ule mweusi wa kunata. Mvua ikinyesha kiatu hubaki nyuma mguu ukaenda mbele. Siku hiyo, shukrani kwa Mungu, kulikuwa kukavu. Nilipanda ngazi hadi orofa ya nne nikiwa na kiondo begani, na kila orofa nilisalimiwa na harufu yake: kitunguu kinachokaangwa, chai ya tangawizi, ugali ulioshika chini. Mlango wa mpwa wangu haukuwa na harufu yoyote.

"Shikamoo, Mjomba," alisema, akapokea mzigo kwa mikono miwili.

"Marahaba, mama. Hujambo?"

"Sijambo."

Lakini alikuwa na jambo, na sikuhitaji kuambiwa. Mashavu yalikuwa yameingia ndani. Sketi aliyovaa, ambayo nilimnunulia mimi Krismasi, ilikuwa imekazwa kwa pini ya usalama kiunoni. Jikoni, yaani ile pembe ya chumba yenye sinki na rafu moja ya saruji, kulikuwa na sufuria moja ndogo, kikombe, pakiti ya majani ya chai na nusu mkate. Mtungi wa gesi ulikuwa mtupu tangu mwezi uliopita. Nilimuuliza amekula nini. Akasema amekula. Nikamuuliza tena. Akaangalia chini.

Mimi nilikuwa nimejiandaa kumpa somo, nisikufiche. Njiani kote nilikuwa nikipanga maneno: kwamba vijana wa siku hizi hawataki kushika mwiko, kwamba chipsi zimewaharibu. Badala yake nikamwomba anipe kalamu, tukakaa kitandani, nikamwambia anihesabie siku yake kuanzia asubuhi. Chai na mandazi mbili kwa kibanda, shilingi 40. Mchana, chapati na maharagwe karibu na lango la chuo, 100. Jioni, chipsi na soseji, 120, kwa sababu masomo yakiisha usiku umeingia na tumbo halina subira. Jumla shilingi 260 kwa siku. Mama yake humtumia 5,000 kwa mwezi. Fanya hesabu mwenyewe, msomaji: pesa hizo zinamalizika siku ya 19. Mwezi una siku 30. Siku 11 zilizobaki alikuwa akiishi kwa chai ya rangi na mkate, na akishindwa, akipiga simu Wundanyi.

Hakuna pesa zilizokwenda kwingine. Hakuna anasa uliyoweza kuiona katika hesabu ile, labda soseji. Nilimpigia dada yangu hapo hapo nikamwambia hilo kwanza, mengine baadaye.

Wazazi wetu waliosoma vyuo vikuu zamani hawakuyajua haya. Wao walilishwa. Waliingia bwalo, wakapewa sahani, wakatoka. Ni mwanzoni mwa miaka ya 1990 utaratibu huo ulipoondolewa na ule wa kula kwa kulipa ukaja, na tangu wakati huo kila mwanafunzi amekuwa waziri wa fedha wa tumbo lake. Shida ni kwamba hakuna anayemfundisha kazi hiyo. Mpwa wangu anajua kupika, tena sana. Akiwa na miaka 12 alikuwa akipikia watu wanane. Lakini alijifunza kupikia watu wanane, kwa kuni zisizonunuliwa, kwa maharagwe ya shambani na maziwa ya ng'ombe wa nyumbani. Kupikia mtu mmoja, kwa gesi ya kununua, katika chumba kisicho na friji, ni fani nyingine kabisa. Alijaribu muhula wa kwanza. Alipika maharagwe yakala gesi, akayala siku mbili, siku ya tatu yakachacha, akayamwaga. Akahitimisha kwamba kununua kibandani ni nafuu. Na kwa mtu mmoja peke yake, msomaji, hakukosea sana.

Tukiwa katika mazungumzo hayo mlango ukabishwa. Alikuwa kijana mrefu wa chumba cha pili, anayesomea uhandisi wa ujenzi, mwenyeji wa upande wa Homa Bay. Alikuja kuazima ndoo. Alipoona kiondo, macho yake yalitua juu ya ndengu yakakaa hapo.

"Karibu, Anko," akaniambia. "Naona umetuletea supu."

Sikujua kama "umetuletea" hiyo ni utani au ni nini. Baadaye nikajua si utani. Chumba chake ndicho jiko la orofa nzima, au karibu nzima. Wanne hula pamoja: yeye, mwenzake wa darasani, na wasichana wawili wa chumba cha pembeni. Wenzake humwita mpishi mkuu, lakini hupika kwa zamu, na zamu hizo zimeandikwa kwa kalamu nyekundu na kubandikwa nyuma ya mlango. Chini yake mna hesabu. Kila mmoja hutoa shilingi 700 kwa wiki, gesi ikiwemo. Hiyo ni shilingi 100 kwa siku: uji asubuhi, chakula mchana kwa asiye na mhadhara, na chakula cha jioni.

Niliisoma karatasi ile mara mbili. Shilingi 100 kwa siku dhidi ya 260. Kwa hesabu hiyo 5,000 zinafika siku ya 50.

Nilimuuliza siri ni nini. Akacheka, akasema siri ni gesi. Mtu akipika wali wake peke yake na mwenziwe akapika wake, wamewasha moto mara mbili kwa wali mmoja. Sufuria ya watu wanne haichukui gesi mara nne ya sufuria ya mtu mmoja; inazidi kidogo tu. Vivyo hivyo kitunguu, vivyo hivyo mafuta. Mafuta yenyewe hununua ya kupima dukani, kwa chupa yao.

Kuhusu nafaka alikuwa na maoni makali kama ya profesa. Maharagwe makavu, alisema, ni nafuu kuliko yale yaliyochemshwa na akina mama wa barabarani, kwa kuwa kikombe kimoja cha makavu hutoa karibu vikombe vitatu yakiiva. Lakini ukiyachemsha kwa gesi kwa saa mbili, faida yote imepanda hewani na mvuke. Kwa hiyo wiki za mitihani hununua yaliyochemshwa na wiki nyingine huyapika wao, kwa njia ambayo alinionyesha kwa majivuno makubwa. Alivuta katoni kutoka chini ya kitanda. Ndani yake mlikuwa na blanketi kuukuu lililokunjwa likaacha shimo katikati, saizi ya sufuria.

Nilitabasamu, kwa maana kitu hicho nakifahamu. Maafisa wa kilimo wamekifundisha kwa miaka mingi kwa vikundi vya akina mama vijijini, ila wao hutumia kikapu kilichojazwa matambara. Kazi yake ni hii. Maharagwe hulowekwa usiku kucha, maji ya kulowekea yakamwagwa. Yakitiwa maji mapya huchemshwa yakitokota kwa nguvu dakika 20 nzima, na hapo usifanye ukarimu wa kupunguza, kwa sababu maharagwe, hasa yale mekundu, yasipotokota vizuri huumiza tumbo vibaya. Kisha sufuria, ikiwa imefunikwa vyema na bado inatokota, huingizwa katika blanketi, ikafungwa, katoni ikafunikwa. Mpishi anakwenda zake darasani. Akirudi baada ya saa tatu anakuta maharagwe yamelainika kwa joto lao wenyewe. Yasipolainika sawasawa hurudishwa motoni kidogo, na hata yakilainika ni lazima yatokote tena kabla ya kuliwa. Moto uliotumika ni wa dakika 20 na ule wa kumalizia. Sufuria iwe imejaa, alisisitiza; sufuria nusu hupoa haraka.

Jioni ile zamu ilikuwa ya msichana mmoja wa chumba cha pembeni, lakini alikuwa na mtihani Jumatatu, basi mimi na mpwa wangu tukajitolea. Tulipika ndengu. Nakueleza tulivyopika kwa sababu ndicho chakula ambacho ningemfundisha mwanafunzi yeyote kabla ya vingine vyote. Ndengu hazidai kulowekwa usiku kucha. Ukiziloweka unapotoka kwenda darasani, ukirudi jioni zinaiva kwa muda wa nusu saa hivi, wakati mwingine pungufu. Tulizichambua kwanza, tukatoa vijiwe vitatu. (Jino la mwanafunzi lina bei kuliko chakula cha mwezi.) Tukaziosha, tukaziweka motoni na maji ya kuzifunika na kupita kidogo. Usitie nyanya mapema. Ukali wa nyanya hufanya nafaka za maganda ziwe ngumu, nawe utabaki ukikoroga hadi gesi iishe. Na usitie magadi ukidhani unaharakisha. Kweli yanalainisha, lakini yanaharibu vitamini ulizokuwa ukizitafuta.

Zilipoiva tukaziweka kando. Katika kikaangio tulikaanga kitunguu taratibu, tukaongeza kitunguu saumu, kipande cha tangawizi, binzari kijiko kimoja, kisha nyanya laini za Githurai hadi zikavunjika kuwa rojo. Ndengu zikaingia na supu yake yote. Karoti moja ikakunwa ndani, kwa rangi na utamu. Dania juu, baada ya kuzima moto. Pembeni wali: kikombe kimoja cha mchele kwa vikombe viwili vya maji, kifuniko kisifunguliwefunguliwe. Mchele wa Mwea una harufu ya kuita jirani, lakini wao hununua wa bei nafuu ulioagizwa kutoka nje, na kwa mchuzi ule sikuona upungufu.

Wakati wa kukaanga yale vitunguu ndipo yule kijana aliposema neno ambalo limenikaa. Alisema kwa sauti ya chini, mpwa wangu akiwa amekwenda kuchota maji.

"Anko, sisi tulijua. Mlango usiotoa harufu ya kitunguu wiki nzima, tunajua. Tulimwambia aje. Akasema amekula."

"Mbona hakuja?"

"Hakuwa na zile 700. Lakini asiye na pesa wiki hii huchota maji. Mimi mwenyewe nimechota mwezi mzima mwaka jana, mkopo ulipokuwa haujafika."

Maji ya Gachororo hukatika mara kwa mara, na mtungi wa lita 20 orofa nne si mzaha. Ni malipo ya haki kabisa. Lakini mpwa wangu alikuwa amesikia habari ya mchango bila kusikia habari ya maji, na alilelewa na mama asiyekubali kula kwa mtu bila kwenda na kitu mkononi. Hapo kulikuwa na jambo jingine ambalo alinieleza yeye mwenyewe tukichambua ndengu. Muhula wa kwanza alipika githeri, na msichana fulani ngazini akamcheka, akamuuliza kama amekuja chuoni au amekuja kambini. Tangu siku hiyo akaona afadhali chipsi. Niambie, msomaji, ni akili gani hiyo? Githeri iliyokaangwa na kitunguu, viazi na kabeji, ikaliwa na kipande cha parachichi, ni mlo kamili ambao ukiupeleka hoteli kubwa jijini utauziwa kwa bei ya kukutoa jasho. Kicheko kimoja ngazini kilikuwa kimemgharimu mama mbuzi.

Tulikula saa mbili usiku, watu sita, wengine kitandani na wengine juu ya ndoo zilizopinduliwa. Niliwauliza vyakula vyao vingine, na kila mmoja akataka kusema chake. Mayai yakikaangwa na sukuma wiki iliyokatwa nyembamba huchukua dakika kumi, na ndicho chakula cha mwenye kuchelewa. Mama mboga wa chini huikata sukuma bure ukimwachia bakuli asubuhi. Omena wa Ziwa Victoria huoshwa kwa maji ya moto, wakakaushwa kikaangioni kabla ya kutiwa nyanya na ndimu, nao huliwa mzima pamoja na mifupa yake midogo, jambo ambalo ni heri kwa mifupa ya mlaji. Omena wana kesi moja: harufu. Msimamizi wa ploti amepokea malalamiko. Siku hizi hupikwa Jumamosi mchana tu, madirisha yote yakiwa wazi, na jirani aliyelalamika zaidi hupelekewa sahani. Chapati walizipigia kura zikaahirishwa hadi likizo, kwani zinakula mafuta, gesi na saa za kusoma. Ugali unaobaki hukatwa vipande asubuhi, ukachomwa kikaangioni bila mafuta, ukanywewa chai.

Kwa kukosa friji wana kanuni mbili. Wali hupikwa wa kuisha. Haulali, kwa sababu wali uliolala kwenye joto la chumba huweza kumwangusha mtu hata ukipashwa moto. Maharagwe yanayobaki hutokoteshwa usiku kabla ya kulala, yakafunikwa na yasifunguliwe, kisha yakatokoteshwa tena asubuhi.

Na ya tatu, ambayo hawakuiandika mlangoni ila waliitaja wote kwa pamoja nilipouliza kuhusu jiko la makaa nililoliona kwenye ujia. Gesi ikiisha na pesa hazipo, jiko la makaa huwashwa nje, kwenye ujia ulio wazi, na hubaki nje hadi lizimike. Haliingizwi chumbani hata kuwe na baridi ya Julai. Moshi wa makaa yaliyokolea hauonekani wala haunuki, nao huua watu waliolala wakidhani wanaota moto. Ikiwa una mwana aliyepanga chumba mahali, msomaji, mpigie simu leo umwambie hilo, hata kama umekwisha kumwambia.

Baada ya kula mpwa wangu alisimama, akakusanya sahani zote na kwenda nazo sinkini. Hakuna aliyemwambia. Yule kijana akachukua kalamu nyekundu, akaongeza jina la tano katika karatasi ya zamu, siku ya Jumanne, kisha akaandika upya hesabu pembeni. Niliona akisita kwenye safu ya mchango. Nikataka kutoa pesa mfukoni. Mpwa wangu akaniona.

"Acha, Mjomba," alisema. "Mbaazi zile ni zangu. Na ndengu umeniletea mimi."

Kijana alizipima mbaazi kwa jicho, akapiga hesabu hewani, akaandika kwamba amelipa wiki mbili. Viazi vitamu akaviandika kuwa zawadi.

Walinisindikiza hadi barabarani usiku huo, watano, wakiendelea kubishana iwapo mbaazi zinaweza kuiva katika katoni. Mpwa wangu alishikilia kwamba zinaweza, zikilowekwa vyema, na kwamba kwao hupikwa kwa nazi. Nazi ya Juja ni bei gani, aliuliza mmoja. Hakuna aliyejua.

Matatu ilipopita Ruiru nilimpigia dada yangu kwa mara ya pili. Aliuliza jambo moja tu, kama mtoto amekula. Nikamwambia amekula sahani mbili, na kwamba mwezi huu asitume nyongeza yoyote ila blanketi kuukuu, nene, ambalo halitumiki.

"Blanketi?" akauliza. "Juja kuna baridi kiasi hicho?"

Nikaanza kumweleza.